Conrad Schlumberger, mtu aliyeuliza mawe kwa umeme

Katika namba hii nataka tuongee juu ya mtu mmoja ambaye jina lake liliandikwa kwenye kamyo na mashini karibu kila pahali wanapochimba mafuta ya petroli duniani. Liliandikwa hivyo mpaka mwaka wa 2022, kampani ilipofupisha jina na kujiita SLB. Kampani watu wanaijua. Mtu mwenyewe, aliyekufa mwaka wa 1936, ni wachache wanaomjua. Na kazi yake ilianza na jambo ambalo sisi wote tumelisoma katika fizike, ni kusema sheria ya Ohm. Tunaijua wote, hata wale wanaoikimbia siku ya mtihani.

Kwanza tufahamu shida yenyewe, kwa sababu bila shida hatutaona uzuri wa kazi.

Mtu anachimba kisima cha mafuta. Siyo kisima cha maji kama vile vya kwetu, ambamo unaweza kuinama na kuona chini. Ni tundu jembamba, upana wake kama sahani, na linashuka metre mia tano, elfu moja, hata zaidi. Ndani mna giza na matope, maana wachimbaji wenyewe wanasukuma matope ndani ya matiyo ya chuma ili yapoze kichwa kinachokata jiwe na kupandisha juu vipande vilivyokatwa. Sasa yule anayesimama juu anajuaje kama pale chini amepita katika udongo wa mfinyanzi, au mchanga, au jiwe gumu? Anajuaje kama ameacha mafuta nyuma yake bila kuyaona? Zamani alitazama vile vipande vinavyopanda na matope. Lakini vinapanda vimechelewa, tena vimechanganyika, cha metre 300 pamoja na cha metre 280. Njia nyingine ilikuwa kukata jiwe zima kwa chombo chenye tundu katikati na kulipandisha juu kama kijiti kirefu cha mviringo. Wafaransa wanakiita kijiti hicho karoti, na ukikiona unaelewa sababu. Karoti ya jiwe inasema kweli, lakini bei yake kali. Kazi nzima inasimama, matiyo yote yanavutwa juu, yanashushwa tena, na mara nyingi jiwe laini linavunjika njiani, hapana kitu kinachofika.

Basi shida ilikuwa ile: habari iko chini, mtu yuko juu, na hakuna njia ya kuipandisha bila kuharibika.

Conrad Schlumberger alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1878 kule Guebwiller, mji wa Alsace. Leo Alsace ni Ufaransa, lakini wakati ule ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, walioinyakua baada ya vita ya 1870 na 1871. Baba yake, Paul, alikuwa tajiri wa viwanda vya nguo. Familia ilikuwa ya Waprotestanti, watu wa kazi na wa kusoma sana. Mama yake, Marguerite de Witt, alikuwa mjukuu wa Guizot, yule waziri mkubwa wa Ufaransa wa karne ya 19. Mama huyu hakukaa tu nyumbani. Tangu 1913 aliongoza chama kilichodai wanawake wa Ufaransa wapewe haki ya kupiga kura, akafa mwaka wa 1924 bila kuiona. Walipewa mwaka wa 1944. Nawaambia habari ya mama kwa sababu naona mtoto alimfuata kwa tabia moja: kushika jambo lisilo na matunda karibu na kutoliacha.

Watoto wa kiume wa familia ile walikuwa na tatizo. Kama wangebaki Alsace wangeitwa kuwa askari wa Mfalme wa Ujerumani. Wazazi hawakutaka. Kwa hiyo walipofika umri wa vijana walitumwa Ufaransa kusoma. Conrad akaingia École Polytechnique ya Paris, kisha École des Mines, ni kusema shule kubwa ya wahandisi wa madini. Mwaka wa 1907 akawa mwalimu wa fizike katika shule hiyo hiyo ya madini. Ndugu yake Jean alikuwa mwandishi wa vitabu. Mdogo wake Marcel, aliyezaliwa 1884, alisoma uhandisi, na tutamkuta tena mbele, kwa sababu bila Marcel mambo mengi yangebaki kwenye karatasi.

Mwalimu wa fizike katikati ya watu wa madini, anafikiri nini? Alifikiri hivi: mawe si sawa mbele ya umeme. Madini ya shaba au ya chuma yanapitisha umeme vizuri. Mchanga wenye maji ya chumvi unaupitisha pia, kwa njia ya maji yale. Jiwe gumu lisilo na maji linaukataza. Basi kama nikiingiza umeme katika udongo na kutazama namna unavyosambaa, nitajua kilichofichwa chini bila kuchimba hata jembe moja. Akaanza majaribio madogo katika chumba cha chini cha shule, kwa beseni la shaba lililojaa mchanga. Aliweka vitu ndani ya mchanga na kupima juu. Wenzake walioshuka kule bila shaka walishangaa kumwona bwana mkubwa anacheza na mchanga kama mtoto.

Mwaka wa 1912 akatoka katika beseni na kwenda shambani. Familia ilikuwa na nyumba kubwa ya zamani Val-Richer, katika Normandie, nyumba iliyokuwa ya yule Guizot. Pale, mwezi wa Septemba, Conrad alichomeka vyuma viwili ardhini, mbali kimoja na kingine, akapitisha umeme kati yao. Kisha akatembea na vyuma vingine viwili vidogo, akitafuta pahali ambapo hakuna tofauti ya nguvu ya umeme kati yao. Kila pahali alipopata aliweka alama. Alama zikiunganishwa zinafanya mistari inayozunguka, sawa na mistari ya milima kwenye karata ya jeografia. Ikiwa udongo ni wa namna moja, mistari inakwenda kwa utaratibu unaoweza kuhesabiwa. Ikiwa kuna kitu tofauti chini, mistari inapinda. Mwaka huo huo akaandikisha haki ya uvumbuzi wake.

Mwaka uliofuata, 1913, alikwenda Bor, katika Serbia, penye shaba. Kule alitumia jambo lingine la ajabu: madini fulani chini ya ardhi yanajifanya batri yenyewe. Maji na madini vinafanya kazi pamoja na kutoa umeme kidogo, bila mtu kutuma kitu. Conrad aliupima umeme huo juu ya ardhi akaonyesha pahali pa madini. Mshike jambo hili la umeme unaojitoa wenyewe, maana tutaliona tena baada ya miaka 18.

Kisha vita ikaja. Conrad alikuwa afisa wa mizinga tangu 1914 hadi mwisho. Aliona yale yaliyoonekana, na alipotoka alikuwa mtu mwenye kuchukia vita kabisa. Akawapenda pia watu wa soshalisti na mawazo yao ya usawa, ingawa alikuwa mtoto wa tajiri wa viwanda. Wengine katika jamii yake walimwona kama mtu wa ndoto.

Sasa tunafika kwenye karatasi moja ambayo mimi naipenda kuliko mashini zote za habari hii. Mwezi wa Novemba 1919, Paul, baba mzee, aliandika mapatano na watoto wake wawili, Conrad na Marcel. Alikubali kutoa mpaka franka 500.000 kwa ajili ya utafiti wa kupima ardhi kwa umeme. Lakini aliweka masharti. Walipaswa kujitoa kwa kazi ile na kuacha mambo mengine. Na sharti kubwa: faida ya sayansi itangulie faida ya feza. Fikirini vizuri. Ni mfanyabiashara wa nguo, mtu aliyehesabu franka maisha yake yote, njo anasema hivyo kwa maandishi. Hakusema feza ni mbaya. Alisema ishike nafasi ya pili. Baba huyo alikufa mwaka wa 1926, mwaka mmoja kabla ya jambo kubwa.

Feza ile ililiwa polepole, kwa sababu wateja walikuwa haba. Ndugu wawili waligawana kazi kufuatana na akili zao. Conrad alikuwa mtu wa hesabu na wa mawazo, alipenda kueleza na kusadikisha. Mwaka wa 1920 alitoa kitabu juu ya njia yake. Marcel alikuwa mtu wa mikono na wa maneno machache. Ukimletea mashini inayokataa, anaitazama, anaifungua, inakubali. Waliweka biro yao Paris, rue Fabert namba 30. Mwaka wa 1923, katika Romania, walichora kwa umeme umbo la chini la pahali penye mafuta, Aricești. Watu wao walipima pia katika Afrika ya Kusini, Kanada, na hata hapa Kongo, wakati wa Wabelgiji, kwa ajili ya madini. Mwaka wa 1926 wakaanzisha kampani rasmi, Société de Prospection Électrique.

Lakini yote hayo yalikuwa kupima kutoka juu. Na kupima kutoka juu kuna ubaya wake: kadiri kitu kilivyo mbali chini, ndivyo sauti yake inavyofifia. Tena ili uelewe kipimo cha juu unapaswa kujua kwanza mawe ya chini yanakataza umeme kiasi gani. Ndiyo sababu mwaka wa 1921 Marcel alikuwa amekwisha kuteremsha vyuma vya kupimia katika tundu moja lililochimbwa upande wa Bessèges, kusini mwa Ufaransa, penye makaa ya mawe. Alitaka tu kusahihisha vipimo vya juu. Wazo la kufanya kazi nzima ndani ya tundu lilibaki limelala miaka sita.

Liliamshwa na kampani ya mafuta ya Pechelbronn. Pechelbronn iko Alsace, ile Alsace ya Conrad, iliyokuwa imerudi Ufaransa baada ya vita. Ni moja ya pahali pa zamani sana pa mafuta katika Ulaya. Waliomba wajaribu njia ya umeme ndani ya visima vyao, maana karoti za mawe ziliwagharimu mno. Conrad akafanya hesabu, akampa kazi ya kutengeneza vyombo kijana mmoja, Henri Doll. Doll alikuwa amemwoa Anne, binti wa Conrad, lakini msifikiri alipewa kazi kwa sababu ya ndoa tu. Alikuwa mhandisi hodari kabisa, na wakati ule alikuwa na miaka 25.

Tazameni vyombo vyake. Sonda, ni kusema kile chombo kinachoshuka, ilikuwa ya matiyo ya bakeliti yaliyounganishwa. Bakeliti ni kama plastiki ngumu ya siku zile, na umeme haupiti ndani yake, kwa hiyo haiharibu kipimo. Kwenye bakeliti kulifungwa vyuma vya kugusa matope, ndiyo elektrodi. Kwa kuwa bakeliti ni nyepesi na matope ni mazito, walitia risasi ili sonda izame. Nyuzi tatu za umeme zilishuka pamoja nayo. Kwa kuteremsha na kupandisha walikuwa na gurudumu la mbao la kuviringishia nyuzi, linalozungushwa kwa mkono. Juu ya ardhi waliweka batri na chombo cha kupimia. Hivyo tu.

Siku ilikuwa tarehe 5 Septemba 1927. Kisima kiliitwa Diefenbach 2905. Doll alikuwa na wenzake wawili, Charles Scheibli na Roger Jost. Wachimbaji walivuta matiyo yao yote nje, tundu likabaki na matope yake. Sonda ikashushwa. Kazi ilikwenda hivi: unaiweka sonda kwenye kina fulani, unaisimamisha, unatuma umeme kwa uzi mmoja, unasoma juu tofauti ya nguvu ya umeme iliyo kati ya elektrodi nyingine mbili, unaandika katika daftari. Kisha unazungusha gurudumu, metre moja. Unasimamisha. Unatuma. Unasoma. Unaandika. Metre nyingine. Walipima kati ya metre 140 na metre 279, kiasi cha vipimo 50 kwa saa moja. Hesabuni wenyewe ni saa ngapi za kusimama karibu na tundu lenye matope, mmoja anazungusha, mmoja anasoma, mmoja anaangalia nyuzi zisikatike.

Hapo Ohm anaingia. Unajua umeme uliotuma, unajua tofauti ya nguvu uliyosoma, unajua umbali kati ya elektrodi. Kwa hayo matatu unapata namna jiwe la pahali pale linavyokataza umeme, ndiyo rezistiviti. Namba zile zilipowekwa kwenye karatasi, kina kikienda chini na rezistiviti ikienda upande wa kuume, palitokea mstari unaotoka na kurudi, wenye meno marefu na mafupi. Mfinyanzi ulikaa upande mmoja, jiwe gumu lilitoka nje kama jino. Na kitu cha kufurahisha zaidi ni kwamba visima jirani vilipopimwa, meno yale yale yalionekana tena, lakini kwa kina tofauti kidogo. Kumbe unaweza kufuata tabaka moja la jiwe kutoka kisima hadi kisima, kama mtu anayetambua nyumba kwa paa lake.

Walikiita karoti ya umeme. Jina zuri, kwa sababu ilifanya kazi ya karoti bila kukata jiwe.

Mtu anaweza kuuliza sasa mafuta yanaonekanaje. Mafuta hayapitishi umeme. Mchanga ukijaa maji ya chumvi, rezistiviti yake ni ndogo. Ukijaa mafuta, ni kubwa. Lakini hapa kuna mtego: jiwe la chokaa lisilo na nafasi ndani pia lina rezistiviti kubwa, na halina hata tone la mafuta. Mstari mmoja hautoshi. Ni kama shahidi mmoja katika baraza, anasema kweli lakini hasemi yote.

Shahidi wa pili alipatikana mwaka wa 1931, na hapa ndipo ule umeme wa Bor unarudi. Walitambua kwamba ndani ya tundu chombo kilionyesha nguvu kidogo ya umeme hata bila batri kutuma kitu. Wengi wetu katika laboratwari tungesema chombo kimeharibika, tungekipiga mkono. Wao wakaupima ule usumbufu wenyewe. Wakaona unabadilika mbele ya mawe yanayopitisha maji, kwa sababu chumvi ya matope na chumvi ya maji ya ndani ya jiwe si sawa, na tofauti hiyo inazaa umeme. Basi mstari wa pili ulionyesha ni wapi jiwe lina nafasi za kupitisha maji au mafuta, na wapi limefungwa. Ukisoma mistari miwili pamoja, jiwe linalopitisha na lenye rezistiviti kubwa, pale moyo unaanza kupiga. Mistari hiyo miwili kando kando ilienda dunia nzima.

Kwenda dunia nzima hakukuwa rahisi. Mwaka wa 1929 watu wao walipima visima Venezuela, kisha Marekani katika California, na katika Urusi ya Wasovieti kule Grozny. Vijana wahandisi walitumwa na masanduku yao mbali kabisa, wakashughulika na wachimbaji ambao waliwacheka. Mchimbaji wa zamani aliamini pua yake na macho yake, siyo mstari wa kijana Mfaransa. Mara hiyo dharura ya uchumi ikaanguka juu ya dunia. Kazi ya Marekani ikakatika, kazi ya kupima juu ya ardhi ikakosa wateja, na kampani ikakaribia kufa. Kilichoiokoa zaidi ni mapatano na Wasovieti, waliotaka kupima visima vyao kwa wingi. Mwaka wa 1932 kampani ya Shell ikawaita tena Marekani, na mwaka wa 1934 wakafungua kampani yao kule Houston, katika Texas.

Hapa watu wanaweza kubishana, na katika darasa letu tumebishana. Conrad alichukia vita, na njia yake ilisaidia kupata mafuta, na bila mafuta hakuna kifaru wala ndege ya vita inayokwenda. Aliwapenda Wasovieti kwa sababu ya usawa waliouhubiri, naye aliwapelekea ujuzi wake wakati Stalin alikuwa anatawala kwa mkono wa chuma. Mimi sioni kama mambo haya yanafichika, wala hayapaswi kufichwa katika habari ya maisha yake. Mtu alitaka sayansi itangulie feza, na sayansi yake ikafungua mlango wa feza nyingi sana kuliko nguo zote za Guebwiller. Yote mawili ni kweli.

Jambo lingine la kubishana ni hili: nani hasa ni mvumbuzi? Wengine wanasema Doll, maana ndiye alisimama Pechelbronn. Wengine wanasema Marcel, maana aliteremsha vyuma kwanza mwaka wa 1921. Mimi ninamweka Conrad mbele kwa sababu moja: tangu beseni la mchanga, yeye ndiye aliyeshikilia kwamba jiwe linaweza kuulizwa, na kwamba jibu lake linaweza kuwa namba. Lakini Doll aliendelea kuvumbua vyombo miaka mingi baada ya baba mkwe wake kufa, na mtu akisema Doll alikuwa mhandisi mkubwa kuliko wote wawili, sitagombana naye.

Katika mwaka wa 1936 Conrad alikwenda tena Urusi kwa kazi. Wakati wa kurudi alipitia Stockholm, katika Swideni. Kule moyo wake ulisimama, akafa tarehe 9 Mei, akiwa na miaka 57. Mwaka huo huo kampani ilikuwa inaanza kutumia mashini inayoandika mistari yenyewe kwa picha, kwenye filamu, sonda ikipanda bila kusimama kila metre. Yule wa kuzunguka gurudumu, kusoma na kuandika akapumzika. Marcel akabaki na usukani mpaka alipokufa mwaka wa 1953. Dominique, binti mwingine wa Conrad, alihamia Houston na mume wake, na feza yake ilikwenda zaidi kwenye kazi za sanaa. Jumba la sanaa lenye jina la familia ya mume wake, Menil, lilifunguliwa pale mwaka wa 1987.

Imebaki jambo moja ambalo njia ya Conrad haikuweza kulimaliza. Ili kupima kwa kamba, ulipaswa kusimamisha uchimbaji na kuvuta matiyo yote nje. Kwa hiyo habari ilikuwa ya jana: inakuambia mahali ulipopita, haikuambii mahali unapokata sasa. Na kamba ya umeme haikai vizuri pamoja na matiyo yanayozunguka, inasokotwa na kukatika. Wahandisi walitafuta miaka mingi, na jibu walilipata katika matope yenyewe. Karibu na kichwa kinachokata jiwe wanaweka kifaa cha kupimia na kizibo kidogo ndani ya tiyo. Kizibo kikifunga kidogo, matope yanayosukumwa yanagonga, na mgongano huo unapanda ndani ya matope mpaka juu, ambako chombo cha kupima msukumo kinauhisi. Kugonga na kutogonga, moja na sifuri. Ni sawa na ngoma ya habari ya babu zetu, iliyopeleka ujumbe kutoka kijiji hadi kijiji kwa kupiga na kunyamaza, isipokuwa hapa ngoma iko chini ya ardhi na kijiji kiko juu. Habari inapita polepole sana, lakini inafika wakati kazi inaendelea, na mchimbaji anaweza kupindisha njia yake. Vyombo vya namna hii vilianza kuuzwa mwaka wa 1978, miaka 42 baada ya kufa kwa Conrad. Kamba ya umeme haikuachwa. Zote mbili zinatumika, kila moja kwa kazi yake.

Pechelbronn yenyewe haichimbi tena. Mafuta yake yalipunguka, visima vikafungwa katika miaka ya 1960, na kiwanda cha kusafisha mafuta kikasimama mwaka wa 1970. Katika kijiji cha Merkwiller-Pechelbronn kuko makumbusho ya mafuta. Mashamba yapo, na pale katikati ya mashamba, upande wa Diefenbach, ndipo vijana watatu walizungusha gurudumu la mbao metre kwa metre mpaka wakamaliza.